Maji Meupe kwenye Chupa ya Dreni: Limfu Inapovuja Baada ya Upasuaji wa Shingo

Saa za mwanzo baada ya upasuaji wa kuondoa tezi za limfu shingoni, majimaji yanayojaa kwenye chupa ya dreni, mpira unaoachwa kwenye jeraha ili kutoa majimaji, huwa mekundu. Kesho yake hupauka, halafu huelekea njano hafifu huku yakipungua. Mgonjwa anaruhusiwa kula, au analishwa kwa mpira uliopitishwa puani hadi tumboni. Muuguzi wa zamu inayofuata akija kupima chupa anakuta mambo yamegeuka: majimaji yameongezeka na yamekuwa meupe, rangi ya maziwa. Hayanuki. Mgonjwa hana homa, na mshono umetulia.

Wengi hudhani ni usaha, lakini usaha hauji hivyo. Hiyo ni limfu, majimaji ya mwili yanayopita kwenye mishipa yake yenyewe kabla ya kurudi kwenye damu; hapa imebeba mafuta ya chakula alichokula mgonjwa, na inavuja kutoka kwenye mrija uliojeruhiwa wakati wa upasuaji. Madaktari huiita kaili.

Si kila anayepasuliwa shingo hukutwa na hili. Kwa upasuaji wa kuondoa tezi za limfu, takwimu inayotajwa mara nyingi ni wagonjwa 2 hadi 8 kwa kila 100. Inapoondolewa tezi ya thairoidi peke yake ni nadra zaidi, karibu mmoja kwa 100. Waliowahi kupigwa mionzi shingoni, au wenye saratani iliyoshuka hadi karibu na mtulinga, wako kwenye hatari kubwa zaidi kwa kuwa tishu zao zimeshikamana na mipaka yake haionekani vizuri. Likitokea, mpango mzima hubadilika: mlo, dreni, siku za kulala wodini, hata tarehe ya kuanza mionzi ya saratani. Na nionavyo mimi, linawachanganya watu kwa sababu wanatazama rangi ya majimaji ilhali kinachoamua matibabu ni kiasi chake.

Mrija unaojificha mtu akiwa na njaa

Ili kuelewa kwa nini rangi inadanganya, tuanze na safari ya mafuta. Wanga na protini zikishameng'enywa huingia kwenye damu na kupelekwa kwenye ini. Mafuta mengi ya kawaida hayapiti njia hiyo. Ukuta wa utumbo huyafungasha katika vitone vidogo sana, kailomikroni, na vitone hivyo huingia kwenye mishipa ya limfu. Ndivyo limfu ya tumboni inavyogeuka nyeupe baada ya mlo, na kurudi kuwa angavu mtu akikaa na njaa.

Jambo hili liligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1622 daktari Mwitaliano Gaspare Aselli alipasua mbwa aliyekuwa ametoka kula, akaona nyuzi nyeupe zimetanda kwenye utando unaoshikilia utumbo. Mwanzoni alidhani ni neva. Alipokata moja, kikachuruzika kioevu cheupe. Akapasua mbwa mwingine asiyekuwa amekula, nyuzi hazikuonekana. Karibu miaka 30 baadaye, mwaka 1651, Mfaransa Jean Pecquet alionyesha kwamba kioevu hicho hakiendi kwenye ini kama ilivyoaminika, bali hupanda kifuani na kumwagika kwenye mishipa mikubwa ya damu karibu na shingo.

Mrija huo aliouonyesha Pecquet ndio kiini cha shida yetu. Unaanzia tumboni, mbele ya uti wa mgongo, unapita kwenye kiwambo, msuli unaotenganisha tumbo na kifua, unapanda kifua kizima, kisha unatokeza shingoni upande wa kushoto. Hapo hujikunja juu ya mtulinga kabla ya kuingia pale mshipa mkubwa wa shingo unapokutana na ule wa chini ya mtulinga. Limfu ya miguu, ya tumbo, ya mkono wa kushoto na ya upande wa kushoto wa kichwa, yote hupitia humo: lita 2 hadi 4 kwa siku kwa mtu mzima. Upande wa kulia una mrija mdogo zaidi, lakini haumaanishi usalama. Katika baadhi ya taarifa, hadi robo ya mivujo imetokea kulia.

Sasa fikiria mpasuaji anayefanya kazi chini kabisa ya shingo, upande wa kushoto, nyuma ya mshipa mkubwa. Anachopaswa kukikwepa kina upana wa milimita chache, ukuta wake ni mwembamba, na mahali kinapopita hutofautiana baina ya mtu na mtu. Kwa wengine kimegawanyika matawi mawili matatu. Tena mgonjwa amefunga tangu usiku kwa ajili ya dawa ya usingizi, kwa hiyo kilichomo ndani hakina rangi. Ukikata mshipa wa damu, damu inakuambia papo hapo. Ukikata mrija huu, unaona unyevu tu.

Ndiyo maana kabla ya kushona kuna zoezi moja ambalo halipaswi kurukwa. Mpasuaji anamwomba daktari wa usingizi ajaze hewa kwenye mapafu na kuishikilia kwa sekunde kadhaa, kitanda kikiwa kimeinamishwa upande wa kichwa. Presha ya kifuani inapanda na limfu inasukumwa juu. Chachi kavu inaguswa kwenye pembe ile ya shingo na kuondolewa, taa inaelekezwa pale, watu wanasubiri. Kitone kikichomoza, hata kikiwa angavu kama maji, tundu liko hapo. Linafungwa kwa uzi au klipu, pamoja na tishu kidogo za pembeni kwa sababu ukuta wenyewe ni laini mno kushika uzi. Wengine huongeza gundi ya fibrini, protini inayogandisha damu, au kulaza kipande cha msuli juu yake. Kushona kwa kubahatisha hapo ni hatari, maana neva inayoendesha kiwambo na neva ya vagasi ziko jirani kabisa.

Hata kwa uangalifu wote huo, baadhi ya majeraha hupita bila kuonekana. Hujitokeza siku ya pili au ya tatu, mafuta yanaporudi kwenye chakula.

Kuthibitisha

Mara nyingi macho yanatosha. Pale yasipotosha, kwa mfano mgonjwa bado anakula kidogo na majimaji yana rangi ya njano yenye ukungu, sampuli hupelekwa maabara kupimwa trigliseridi, yaani kiasi cha mafuta. Zikizidi miligramu 100 kwa desilita, au zikiwa juu kuliko zilizomo kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe, hiyo ni kaili. Kailomikroni zikionekana, ubishi umekwisha. Kwa waliofanyiwa upasuaji wa koo au zoloto hupimwa pia amilasi, kimeng'enya kilichomo kwenye mate, kwa sababu mate nayo yanaweza kuvuja na matibabu yake ni mengine kabisa.

Kaili inaweza pia kuvuja bila kufika kwenye dreni. Uvimbe laini unaochezacheza juu ya mtulinga, au ngozi iliyoinuka na kuwa nyekundu wakati dreni haitoi kitu, hudai mtu akague kama mpira umeziba.

Kinachopotea

Kwa mgonjwa na ndugu zake, chupa inayojaa ni kero. Kwa mwili ni hasara inayojumlishwa kila siku. Lita moja ya kaili hubeba protini gramu 20 hadi 30 au zaidi, nishati ya takriban kilokalori 200, chumvi kwa viwango vinavyokaribiana na vya damu, na chembe nyeupe aina ya limfosaiti kwa wingi. Anayepoteza lita moja kwa siku kwa wiki nzima anakonda, sodiamu na albumini (protini kuu ya damu) zinashuka, miguu inavimba, kinga inadhoofika. Na wengi wa wagonjwa hawa ni watu wa saratani, ambao hata kabla ya upasuaji walikuwa wamepungua uzito.

Shingoni penyewe kuna madhara mengine. Kaili iliyotuama chini ya ngozi huchochea uvimbe wa tishu, huizuia ngozi isishikamane na misuli, na ikikaa hualika maambukizi. Ngozi ikifa, ateri kuu ya shingo inaweza kubaki wazi. Hilo ndilo madaktari wanaloliogopa zaidi, japo halitokei mara nyingi.

Kwa hiyo wodini kazi ya kwanza ni hesabu: kiasi kilichotoka kwa saa 24, uzito wa kila siku, vipimo vya chumvi za damu na albumini, na kurudishia kile kilichopotea. Chupa isiyoandikwa kiasi na saa haina maana, hata kama kila aliyepita kitandani ameitazama. Wengi hutumia mililita 500 kwa siku kama mpaka. Chini yake ni mvujo mdogo, na kwa walio wengi hujifunga wenyewe bila kupasuliwa tena. Juu yake ni mkubwa, na subira huanza kuwa na kikomo.

Mlo, na mtego uliomo ndani yake

Wazo la matibabu ya mwanzo ni rahisi: punguza limfu inayopita pale kwenye tundu ili tundu lipate nafasi ya kuziba. Sehemu kubwa ya limfu hiyo inatoka kwenye utumbo, na mafuta ndiyo yanayoichochea. Basi mgonjwa anaondolewa mafuta ya kawaida na kupewa yale ya mnyororo wa kati, ambayo molekuli zake ni fupi kiasi cha kupita moja kwa moja kwenye damu inayoelekea kwenye ini. Nishati anaipata, mrija unapumzika.

Utekelezaji ndio unaoponyoka. Mlo usio na mafuta maana yake ni karibu hakuna kabisa, siyo kupunguza. Kijiko cha maziwa yenye mafuta ndani ya chai, kiini cha yai, karanga chache alizoleta mgeni jioni: kesho yake chupa inasema. Anayelishwa kwa mpira asisahauliwe, kwa sababu vyakula vya kawaida vya kulishia kwa mpira vimetiwa mafuta ya mnyororo mrefu. Lazima vibadilishwe kwa aina maalumu. Dawa zilizomo kwenye vidonge laini vya mafuta nazo zikaguliwe. Na kwa kuwa swali hili huulizwa sana: mafuta ya nazi si badala ya mafuta ya mnyororo wa kati yanayotolewa hospitalini. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, ambayo kwa sehemu kubwa hupita njia ileile ya limfu.

Mtego wenyewe ni huu. Siku moja au mbili baada ya kuanza mlo huo, majimaji hurudi kuwa angavu. Familia inafurahi, mgonjwa anauliza lini atatolewa dreni, na wakati mwingine hata daktari kijana anaandika kwamba mvujo umepona. Kumbe kilichoondoka ni mafuta tu. Tundu linaweza kuwa vilevile, likitoa limfu isiyo na rangi kama ile ya mbwa wa pili wa Aselli. Rangi inafuata sahani. Kupona kunafuata mililita. Chupa iliyokuwa 600 na leo ni 580 safi haijapona. Iliyokuwa 600, ikawa 350, kisha 150 ingali na ukungu, iko njiani.

Mlo huu una muda wake. Mafuta ya mnyororo wa kati hayana asidi za mafuta ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, na bila mafuta ya kutosha vitamini A, D, E na K huingia kwa shida. Ukizidi wiki mbili hadi tatu, ni lazima asidi hizo zitolewe kwa njia nyingine. Kwa bahati nzuri mafuta yanayotundikwa kwenye mshipa wa damu hayapiti kwenye limfu ya utumbo, kwa hiyo hayachochei mvujo.

Mvujo ukiwa mkubwa, au ukikataa kupungua kwa mlo, hatua inayofuata ni kuupumzisha utumbo kabisa: mgonjwa hali kitu kwa mdomo wala kwa mpira, lishe yote inapitia kwenye mshipa mkubwa wa damu. Inafanya kazi, lakini mpira unaokaa kwenye mshipa mkubwa huleta maambukizi na sukari hupanda. Si hatua ya kukimbilia kwa mtu anayetoa mililita 200.

Dawa, kitanda, bandeji

Okitreotaidi, dawa inayoiga homoni ya somatostatini, imekuwa ya kawaida katika matibabu haya. Hupunguza majimaji ya utumbo na mtiririko wa limfu yake. Aghalabu hutolewa mikrogramu 100 kwa sindano ya chini ya ngozi kila baada ya saa 8. Inaweza kuleta kichefuchefu, tumbo kunyonga, kuharisha na sukari kuyumba, na ikitumiwa muda mrefu huhusishwa na vijiwe vya nyongo. Ushahidi wake unatokana zaidi na makundi madogo ya wagonjwa, lakini ukiitazama karibu na njia mbadala, yaani kurudi chumba cha upasuaji, naona ni sawa kuijaribu mapema.

Kitanda kinainuliwa upande wa kichwa. Mgonjwa anapewa dawa ya kulainisha choo na kuombwa asibebe vitu vizito, kwa sababu kujikamua, kukohoa sana na kunyanyua mizigo hupandisha presha ileile ambayo mpasuaji aliitumia kutafuta tundu.

Kuhusu bandeji ya kubana juu ya mtulinga, wataalamu hawajakubaliana. Shimo lililo hapo ni vigumu kulibana kwa usawa, na ukibana kwa nguvu unaweza kunyima damu ngozi iliyonyanyuliwa wakati wa upasuaji. Kwa mgonjwa aliyepachikwa kipande cha nyama kutoka sehemu nyingine ya mwili, bandeji ya kubana haifai kabisa. Ubishi kama huo upo kuhusu dreni ya kufyonza: wapo wanaosema ufyonzaji unaliweka tundu wazi, wapo wanaosema bila huo ngozi haishiki. Wengi hupunguza ufyonzaji kadiri mvujo unavyoshuka, wakiacha dreni pale pale. Kuitoa dreni mapema ili chupa isionekane ni kuhamishia kaili chini ya ngozi.

Kurudi kwenye tundu

Ni lini subira igeuke uzembe? Hakuna namba moja inayokubalika kote, ila mvujo unaozidi lita moja kwa siku, usioshuka kwa siku kadhaa za matibabu kamili, au unaoambatana na chumvi za damu kuvurugika na ngozi kuharibika, hudai hatua nyingine. Mvujo mkubwa sana unaojitokeza siku ya kwanza ni hadithi tofauti: hapo huenda mrija mkuu umekatwa kabisa, na kurudi mapema ni rahisi kuliko kungoja tishu zivimbe na kunatana. Wapasuaji wengine humpa mgonjwa mafuta au krimu saa chache kabla, kwa makubaliano na daktari wa usingizi, ili tundu lijionyeshe kwa rangi. Likipatikana linafungwa, kisha msuli unageuzwa na kulazwa juu yake.

Njia iliyobadilisha mambo zaidi haipitii shingoni kabisa. Katika miaka ya 1990 Constantin Cope, daktari wa picha za eksirei huko Marekani, alionyesha kwamba mrija wa kifua unaweza kufikiwa kwa sindano kupitia tumboni na kuzibwa kwa ndani. Siku hizi daktari huanza kwa kuchoma tezi za limfu za kinena, akiongozwa na altrasaundi, na kuingiza polepole mafuta yanayoonekana kwenye eksirei, yaitwayo Lipiodol. Kwenye skrini mistari myembamba inapanda taratibu kupitia nyonga, inaungana mbele ya uti wa mgongo, kisha mrija mmoja unapanda kifuani hadi mahali pa mvujo, ambapo mafuta yanasambaa nje ya njia. Sindano ndefu inachoma mrija kutokea tumboni, waya mwembamba unapitishwa, kisha koili ndogo, yaani nyaya zilizoviringwa za kuziba njia, na gundi vinaachwa humo. Wakati mwingine Lipiodol yenyewe inatosha kuziba tundu hata kabla ya koili. Kikwazo ni vifaa na mikono yenye uzoefu, ambavyo havipo kila mahali.

Isipowezekana, mpasuaji wa kifua anaweza kuufunga mrija juu kidogo ya kiwambo, kwa kamera inayopitishwa upande wa kulia wa kifua. Mtu husita akisikia kwamba njia kuu ya limfu itafungwa moja kwa moja. Mwili huvumilia, kwa sababu limfu ina vijia vingi vya pembeni vinavyofunguka na kuimwaga kwenye mishipa mingine ya damu. Wachache hubaki na miguu inayovimba au kuharisha kwa muda.

Kabla dreni haijatoka

Mvujo ukishashuka hadi mililita chache kwa siku na kutulia hapo, mgonjwa anapaswa kula mlo wenye mafuta ya kawaida dreni ikiwa bado iko mahali pake, kisha chupa ifuatiliwe kwa saa 24 au zaidi. Isipobadilika rangi wala kiasi, dreni inatolewa. Hapa rangi kwa mara ya kwanza inakuwa shahidi wa kuaminika, kwa sababu sahani imerudi kuwa ya kawaida. Kuruka jaribio hili ili kuokoa siku moja ya kulala wodini ni haraka isiyo na faida.

Nyumbani, mafuta yarudishwe kidogo kidogo na kazi za kunyanyua zisubiri ruhusa ya daktari. Uvimbe laini ukijitokeza juu ya mtulinga, hasa baada ya kula, uonwe siku hiyohiyo. Mara nyingi hunyonywa kwa sindano na mgonjwa akarudishwa kwenye mlo usio na mafuta kwa muda. Mgonjwa akianza kuhema kwa shida asingoje kliniki. Anapelekwa hospitali na kupigwa picha ya kifua, maana kaili inaweza kushuka kutoka shingoni na kujaa kuzunguka mapafu.